Meno Hamsini na Matatu

Mimi Twagirayezu nimesukuma ndizi kwa baiskeli miaka thelathini na moja, na sihitaji mtu wa kunifundisha mlima ni nini. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu hapa Isingiro, wakiongozwa na mke wangu Mukashema, wanaoisimulia habari ya ile baiskeli ya mbio kana kwamba mimi ni mpumbavu. Mimi si mpumbavu. Nilikosea, ndiyo, lakini nilikosea kwa hoja nzuri kabisa.

Kazi ya ndizi ina kanuni zake. Unafunga mikungu minne, mitano kama una karo ya shule mbele yako. Unafunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya siti, unashika huku na huku, kisha unasukuma. Kwenye tambarare unasukuma. Kwenye mteremko unaizuia na kumwomba Mungu. Na kwenye mlima, hasa huu wetu wa Rugongo wenye kona tatu, unainamisha kichwa nyuma ya mikungu na unasukuma mpaka jasho likuingie masikioni. Siti ya baiskeli ya ndizi ni ya kufungia kamba. Tangu nizaliwe nilikuwa sijaona mtu akiupanda Rugongo amekaa kwenye baiskeli. Hata bodaboda humshusha abiria pale chini, akapanda kwa miguu kama wenzake. Kwa hiyo sisi watu wa ndizi tuna neno letu, na mtoto hulijua kabla hajajua sala ya Baba Yetu: mlima husukumwa.

Sasa nina binti, kitinda mimba wangu, Umutesi, miaka ishirini na miwili. Yeye hupeleka maziwa. Maziwa hayana subira ya ndizi, yakichelewa yanaganda, kwa hiyo tangu akiwa msichana mdogo alikuwa anaendesha kwa kasi ya mtu aliyeiba. Miaka ya mwanzo alipitwa na kila mtu. Baadaye akaanza kuwapita wa ndizi, halafu wa kuni, halafu siku moja akampita kijana wa bodaboda, na yule kijana akabadilisha njia kwa aibu mwezi mzima.

Ndipo likaja tangazo. Wakubwa wa baiskeli wa mkoa wanatafuta timu. Mashindano yataanzia Nyakasimbi, yatapita Nyabiyonza na kuishia hapa kwetu, juu ya Rugongo, na wasichana wawili wa kwanza wataingia kwenye timu, watapewa makazi, mwalimu na nafasi ya kwenda kushindana mikoani. Umutesi alilisoma tangazo lile ukutani kwenye ofisi ya kata, akarudi nyumbani, akafua nguo zote zilizokuwamo ndani ya nyumba, hata zilizokuwa safi. Mama yake akaniambia, "Mtoto huyu anakitaka kitu hiki kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote." Nikasema nimeona, suruali yangu imefuliwa mara mbili.

Baiskeli ya maziwa isingeweza. Tukampigia Niyonkuru, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye anafanya kazi kwenye karakana ya baiskeli za mbio huko Kigali.

"Shikamoo, baba mdogo," akasema. "Fremu ninayo, magurudumu ninayo. Kilichobaki ni mfumo wa gia. Nina seti tatu kwenye boksi, zote zimetumika ila ni nzima. Nitamtumia Umutesi picha. Chagueni moja, niifunge, niipakie kwenye basi. Lakini wewe ndiye mwenye nyumba, baba mdogo. Neno nitalisubiri kwako."

Hakupaswa kusema hivyo. Mtu akishaambiwa kutoka Kigali kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, hata kulala hulala kwa cheo.

Jambo la nyumba halichaguliwi na mtu mmoja chumbani. Nikaitisha kikao kwenye kibanja changu cha migomba Jumapili mchana, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikawepo, kwa sababu kikao bila rubisi ni maongezi tu. Akaja Mzee Elipidius, mwenyekiti wa kigango chetu, mwenye umri wa miaka themanini, ambaye husikia vizuri anapotaka. Akaja Kamugisha, fundi baiskeli wa senta, mtu mwenye dharau na kila kitu ambacho hakukifunga yeye. Umutesi akakaa mkekani na simu yake yenye picha, akisubiri zamu yake ya kusema, ambayo kwa desturi huwa ya mwisho.

Kamugisha akaeleza. "Seti ya kwanza, sproketi kubwa ya mbele, lile duara linalovuta cheni, ina meno hamsini na matatu. Za nyuma ni ndogondogo, kubwa yao haizidi kikombe cha chai. Hii ni gia ya mbio kali. Ukishuka nayo mteremko, ndege watakusindikiza. Seti ya pili, mbele kuna sproketi ndogo, meno thelathini na manne, na nyuma kuna moja imetanuka kama kisahani. Ukiweka cheni kwenye ndogo ya mbele na kisahani cha nyuma, pedeli inakuwa nyepesi, mtoto anaweza kuizungusha. Lakini huendi mbali. Unazunguka tu kama mwendawazimu."

"Na ya tatu?" nikauliza.

"Ya tatu ni ya zamani. Hizo mbili unabadilisha gia kwa vidole hapo hapo kwenye mkono wa breki, na ndani yake kuna vijispringi kama vya saa. Kikifa kimoja, umekwisha. Hii ya tatu ina vijiti viwili kwenye fremu. Waya mmoja, skrubu moja, naweza kuitengeneza nimefumba macho. Mimi nasema ya tatu."

"Ili abadilishe gia inabidi aachie usukani?" akauliza Mzee Elipidius.

"Mkono mmoja tu, waitu," akajibu Kamugisha, kwa neno letu la heshima.

"Basi ni ya mtu asiyependa meno yake," akasema mzee, na seti ya tatu ikafia hapo.

Zikabaki mbili, nami nikasimama. Nilikuwa nimeyafikiria maneno yangu usiku na mchana, na hata leo nikiyarudia sioni kosa ndani yake. Nikasema: njia ya kutoka Nyakasimbi ina vitu vitatu, tambarare, mteremko na mlima. Kwenye tambarare na mteremko unahitaji meno mengi mbele, hilo fundi kasema. Kwenye mlima unashuka na kusukuma. Ukishashuka, gia ina kazi gani? Kwa nini mtoto abebe kisahani cha chuma kutoka Nyakasimbi mpaka hapa, halafu akifika mlimani akisukume? Huo ni mzigo juu ya mzigo.

Mzee Elipidius akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kamugisha akasema, kwa shingo upande, kwamba hoja ina miguu. Hapo ikafika zamu ya Umutesi.

"Baba," akasema kwa upole, "mlima ule nitaupanda nimekaa. Nahitaji seti ya pili."

Kamugisha alikuwa anakunywa. Rubisi ilimtoka puani. Mzee Elipidius alicheka mpaka fimbo yake ikaanguka, na mimi nikacheka kuliko wote, kicheko cha mwenye nyumba. Umutesi hakucheka. Alitazama chini, akazima simu.

Nikampigia Niyonkuru pale pale mbele ya wote. "Seti ya kwanza," nikasema. "Hamsini na matatu." Mzee Elipidius akaivuta simu akasema, "Sote tumekubali, mwanangu," akanirudishia. Niyonkuru akasema, "Sawa, baba mdogo," kwa sauti ya mtu anayepokea habari za msiba.

Baiskeli ikaja Jumamosi juu ya basi. Nyekundu, nyembamba, nyepesi hata nikaibeba kwa kidole. Sproketi ya mbele iling'aa kama jua la saa nne, na nusu ya senta walikuja kuyahesabu yale meno. Nilisimama kando yake kana kwamba nimeyachonga mwenyewe.

Jumatatu baada ya maziwa, Umutesi akaenda nayo Rugongo. Akarudi jua bado liko juu, anatembea, baiskeli kando.

"Imekwama wapi?" nikamuuliza.

"Kona ya pili."

"Si ungeshuka ukasukuma?"

"Wenzangu hawatashuka, baba."

"Kwani wao wamezaliwa na miguu ya namna gani?"

Aliifuta vumbi baiskeli ile, akaiegemeza ukutani kwa adabu, akaingia ndani. Chakula hakula. Jumanne alijaribu tena, na Jumatano, na kila siku alirudi kwa miguu, na kila siku alinisalimia shikamoo kwa heshima ile ile, jambo ambalo lilinichoma zaidi kuliko kama angenijibu vibaya.

Alhamisi Mukashema alikuwa anamenya ndizi. Bila kuinua kichwa akasema, "Baba Umutesi, mashindano yanaishia wapi?"

"Juu ya Rugongo."

"Juu. Na wewe umemchagulia mtoto baiskeli ya kuteremkia."

Nikamwambia mambo ya gia hayaelewi. Akaniambia ni kweli, yeye anaelewa juu na chini tu. Akaendelea kumenya.

Maneno yale yaliniwasha siku tatu. Nikaamua Jumapili nitapanda Rugongo mwenyewe kwenye ile baiskeli, watu waone kwamba gia haina kosa, ni moyo tu unaotakiwa. Kosa langu kubwa zaidi ni kulitangaza jambo hili baada ya ibada, kabla ya matangazo ya jumuiya. Kigango kizima kilinifuata mpaka chini ya mlima, kwaya mbele.

Nilikuwa na suruali ya kanisani, mguu mmoja nimeuchomeka ndani ya soksi. Kona ya kwanza niliipita, na kwaya ikapiga vigelegele. Baada ya hapo mambo yakabadilika. Nilisimama juu ya pedeli kwa uzito wangu wote, na pedeli ikashuka polepole, kwa kunihurumia. Nikatafuta gia nyingine nyepesi. Nikabonyeza kila kilichobonyezeka. Nilikuwa tayari kwenye nyepesi kuliko zote.

Bibi Evangelina, aliyekuwa anarudi kwake na kikapu cha maharage kichwani, alinifikia akanisalimia. Nikaitika. Akawa anatembea sambamba nami kwa muda, akaona hatuna mazungumzo, akaaga, akanipita. Bibi Evangelina ana miaka sabini na goti bovu.

Kwenye kona ya pili pedeli ikakataa kabisa, kama ng'ombe anavyokataa kuvuka maji. Nikabaki nimesimama hewani kitambo kidogo, hata sielewi kwa nini sikuanguka mara moja. Halafu nikaanguka, kwenye mtaro, ndani ya mibuni ya mtu.

Nikiwa pale chali, ndipo nilipoona jambo. Kwenye kona ile unaviona vyote, kona ya tatu, ule ukingo wa juu, na anga nyuma yake. Miaka thelathini na moja nimepita pale kila juma, na sikuwahi kuona juu ya Rugongo kutoka chini. Siku zote mbele yangu kulikuwa na mkungu wa ndizi. Niliona aibu, ndiyo, nani asingeona, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, nacho ni wivu. Nilimwonea wivu mtoto wangu, kwa sababu yeye aliutazama mlima huu na wazo la kwanza lililomjia likawa ni kukaa kwenye siti. Mimi wazo hilo halikuwahi kunijia hata siku moja, na lilipoletwa nyumbani kwangu nililicheka.

Umutesi alifika anakimbia. Aliinua baiskeli kwanza, akazungusha gurudumu, akaona limenyooka. Halafu akaniinua mimi. Hakucheka hata kidogo, na ningempa shamba kama angecheka.

Jioni ile nikajificha nyuma ya jiko nikampigia Niyonkuru kwa sauti ya chini. "Ile seti ya pili bado ipo?"

"Ipo, baba mdogo. Sikuitoa kwa mtu."

"Basi itume. Kimya kimya."

"Siwezi," akasema, na nikasikia kwamba anaumia kuniambia. "Ulinipa neno mbele ya wazee. Mzee Elipidius mwenyewe alisema wote wamekubali. Nikituma kimya kimya nitaonekana nimewapindua wazee wa kwetu nikiwa Kigali. Nipigie mbele yao."

Angalia mambo haya. Mtoto anaishi kwenye lami na taa, lakini desturi kaishika kuliko mimi. Nami nilijua anachokisema. Kwetu, neno lililotolewa kwenye kikao chenye rubisi linarudishwa kwenye kikao chenye rubisi, mbele ya masikio yale yale, na anayelirudisha hulirudisha kwa yule aliyeumizwa nalo. Nimewaona wanaume wakirudisha neno kwa ndugu zao, kwa majirani, kwa wakwe. Baba kulirudisha kwa binti yake sikuwa nimeliona. Nilikaa nyuma ya lile jiko mpaka Mukashema akaja kuuliza kama nimeolewa na kuni.

Jumatatu wakaja. Mzee Elipidius alikaa, akapokea kibuyu, akakinusa, akasema, "Waitu, sema."

Nikasema kwamba kuna haja ya kuliangalia upya suala la gia.

"Hilo si neno," akasema mzee.

Nikasema kwamba fundi hakueleza vizuri. Kamugisha akasimama kutaka kuondoka, tukamkalisha.

"Twagirayezu," akasema Mzee Elipidius, "rubisi inapoa."

Rubisi haipoi, kila mtu anajua. Nikamgeukia Umutesi. Alikuwa mkekani, amekumbatia magoti, na alikuwa ananitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya siku ile ya kwanza. Nikaona anaogopa. Haniogopi mimi, anaogopa kwamba nitashindwa kusema.

"Mwanangu," nikasema, "nilikuchagulia kwa miguu yangu. Nimekosea."

"Hatujasikia," akasema Mzee Elipidius, ambaye wiki iliyopita alisikia kuku akitaga nyumba ya tatu.

"Nimekosea," nikasema kwa nguvu, mpaka jirani akachungulia juu ya ua. "Chagua wewe."

Nikamimina kikombe nikampelekea. Akapiga goti kupokea, kama mtoto mwenye malezi. Nikamwambia, "Inuka. Magoti hayo yana kazi Jumamosi." Akacheka, na machozi yakamtoka akiwa anacheka. Mama yake alitoka ndani na kujifanya ana kitu cha kutafuta uani. Akapiga simu Umutesi mwenyewe, kwa sauti safi, akasema seti ya pili, na mimi nikathibitisha, na mzee akathibitisha, na huko Kigali kijana akashangilia mpaka tukaiweka simu mbali na sikio.

Boksi likafika Jumatano. Kamugisha akaifunga seti ile Alhamisi kutwa nzima, akilalamika juu ya kila skrubu. Cheni ya mwanzo ilikuwa fupi mno kwa kile kisahani cha nyuma, akafunga iliyokuja na boksi, akahesabu pingili mara tatu kwa midomo. Alipomaliza akaizungusha pedeli kwa kidole, akabonyeza liva ya gia, na cheni ikapanda mpaka kwenye kisahani bila kelele. Akaisikiliza kwa muda. "Si mbaya," akasema, na kutoka kwake hiyo ni barua ya mapenzi.

Jumamosi nilikuwa kona ya pili tangu asubuhi. Tulikuwa watu wa ndizi kama ishirini, tumeegemeza mizigo, Mzee Elipidius tumemletea kiti. Wanaume walikwishapita, wote wamesimama juu ya pedeli. Halafu akatokea msichana mmoja wa Bukoba, amekaa, anazungusha miguu kama cherehani, akatupita bila kutuona. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama kile pale.

Halafu wakaja wawili pamoja, na mmoja alikuwa wangu. Uso wake ulikuwa umebadilika, mdomo wazi, chumvi mashavuni. Yule mwenzake alikuwa kamtangulia urefu wa baiskeli moja. Nafasi iliyobaki ni moja. Nilianza kukimbia kando yake bila kujua kwamba nakimbia. Nikamwona anashusha kidole kwenye liva, nikasikia cheni ikipanda kule nyuma, na miguu yake ikaanza kuzunguka haraka zaidi, lakini baiskeli, machoni mwangu, ilikuwa inasimama. Inasimama, na mimi niko pale, mtu wa miaka thelathini na moja kwenye kazi hii, na siti yake iko mbele ya mkono wangu.

Mkono ukaenda. Sikuutuma. Ulikuwa umebaki upana wa kiganja kufika kwenye siti, na mimi najua kabisa, maana walitangaza asubuhi kwa kipaza sauti, kwamba anayesukumwa anaondolewa.

"Baba, usiniguse," akasema. Hakugeuka. Alisema kwa pumzi ambayo sijui aliitoa wapi.

Nikauvuta mkono, nikaushika kwa mwingine, nikasimama. Akaendelea kupanda, amekaa, mgongo wake unapungua, na kwenye kona ya tatu nikamwona yuko sambamba na yule mwenzake, halafu kona ikawameza. Nikabaki nimesimama katikati ya barabara, siwezi kufanya lolote, na hakuna mkungu duniani uliowahi kuwa mzito hivyo. Kisha kelele zikatoka juu, na jina nililolisikia lilikuwa Umutesi.

Alishuka baadaye kwa miguu kunitafuta, medali ya mshindi wa pili shingoni, tayari wameshamwandika kwenye timu. "Baba," akasema, "pale kwenye kona ulitaka kunisukuma?"

"Nilikuwa nafukuza nzi."

Alicheka mpaka akakaa chini barabarani, na watu wote wa ndizi wakacheka naye. Mimi sikucheka. Mkono ule nikauficha mfukoni.